Miti tunapanda Mau, tope linatoka Talek

Machi 2022 mto Mara uligeuka rangi. Kama ulikuwa mtandaoni siku zile utakumbuka, maji meusi kama oili chafu ya gari, samaki wanaelea matumbo juu, watu wa kule wamesimama kingoni hawajui waokote au waache, na daraja la Kirumi, pale mkoani Mara, Tanzania, likageuka studio, kila mwenye maiki yuko pale. Serikali ikazuia watu wasitumie yale maji wala kuvua, ikaunda kamati ya wataalamu 11, kamati ikapewa siku chache tu, ikarudi na jibu: samaki wamekufa kwa kukosa oksijeni, na kilichoimaliza oksijeni ni kinyesi na mkojo wa mifugo vikichanganyika na majani yaliyooza kwenye kinamasi. Sumu ya mgodini, ambayo wengi waliihofia, hamna.

Nchi ikacheka. Yaani ilicheka kweli kweli, zikatengenezwa mpaka katuni za ng'ombe, watu wakauliza hawa ng'ombe wa siku hizi wanakunywa nini, mbona babu zetu wamefuga pale pale miaka yote na mto haukuwahi kuwa mweusi. Mi nilicheka pia, sitaficha. Ila baadae nikakaa nikasoma habari za viboko na kicheko kikaniishia kidogo.

Iko hivi. Mto huu huu Mara, upande wa Kenya ndani ya hifadhi ya Maasai Mara, watafiti wengi wao wa Chuo Kikuu cha Yale walifunga vifaa vya kupimia wakaviacha humo miaka, sio siku. Pale kuna viboko kama 4,000. Kiboko mchana kutwa yuko majini, usiku anatoka kula majani, akirudi anakunya humo humo, na wote kwa pamoja wanaingiza mtoni kama kilo 8,500 za kinyesi kila siku, na hapo ni uzito mkavu, ukipima kibichi ni zaidi ya tani 36. Kiangazi kikikaza, vidimbwi vya viboko kwenye vijito vinasimama, kile kinyesi kinazama kinaoza, oksijeni inaisha, maji yanakuwa meusi na yananuka yai viza. Halafu mvua inapiga huko juu, lile dimbwi lote linasukumwa kwa mkupuo mmoja kwenda mto mkubwa. Ndani ya miaka 3 walihesabu misukumo 55 ya namna hiyo, 49 ilishusha oksijeni, 13 ilishusha mpaka kiwango cha hatari kwa samaki, na ndani ya miaka 5 wakarekodi samaki kufa kwa wingi mara 9. Utafiti ukachapishwa 2018 kwenye jarida la Nature Communications, miaka minne kabla ya Kirumi.

Kwa hiyo mavi kuua samaki ni kitu kinachowezekana kabisa, na kwenye mto huu kimeshapimwa. Bakteria wanaozesha uchafu, wakiuozesha wanatumia oksijeni, samaki anakosa hewa. Wavuvi wenyewe wana namna yao ya kulisoma hili bila maabara, maana kamongo anapumua hewa ya juu na kambale naye anaweza kuja juu kupiga pafu moja akashuka, lakini sato, sangara na ningu hawana huo ujanja, wanategemea kilichomo majini tu. Ukifika mtoni ukakuta sato wamelala chali na kamongo anadunda, kichwani unaanza kufikiria oksijeni kabla hujafikiria sumu. Ni dalili, sio hukumu, ila ni dalili nzuri na mvuvi anaijua bila kupewa posho ya siku.

Sasa kama jibu la kamati lilikuwa linawezekana kisayansi, kwa nini hakuna aliyeliamini?

Watu wengi husema tatizo ni elimu, wananchi hawaelewi sayansi. Mi nakataa. Wananchi wa Tarime na Rorya wana kumbukumbu. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia mto Tigithe, na mwaka 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikaupiga mgodi huo huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa habari za bwawa la topesumu kuvuja. Mtu aliyeyapitia hayo yote, siku mto unageuka mweusi, anaambiwa ni ng'ombe wake mwenyewe, unategemea aseme nini? Atasema ahsante mheshimiwa?

Ila mimi naona kosa kubwa zaidi liko kwenye muda. Yale maji yaliyoua samaki hayakukaa pale kusubiri kamati iteuliwe, ipande gari, ifike, ivae mabuti. Mkupuo wa maji yasiyo na oksijeni unapita, kwa masaa au siku, unaenda ziwani unachanganyika unaisha. Unachochota kwenye chupa baada ya hapo ni maji mengine, ni kama kumpima pombe dereva wiki moja baada ya ajali. Na hata ukikuta oksijeni iko chini bado kuna swali la pili, chini kulinganisha na nini? Machi ya mwaka jana ilikuwa ngapi? Kinamasi cha mafunjo kwa kawaida chenyewe huwa na oksijeni kidogo, ndo asili yake, kwa hiyo namba moja isiyo na historia nyuma yake haimshawishi mtu yeyote, na haikutakiwa imshawishi. Wale wa viboko walifanikiwa sio kwa sababu wana akili kuliko wataalamu wetu, ni kwa sababu kifaa chao kilikuwa ndani ya maji saa nane ya usiku mvua inanyesha, wakati mtafiti mwenyewe amelala.

Hapo ndo nataka tubaki, maana hii ishu ni kubwa kuliko samaki wa Kirumi. Tunatibu mito kwa kukisia. Tunakarabati tunachokiona, au tunachopenda kukiona kwenye picha.

Chukua tope. Mto Mara unabeba tope jingi sana, mvua ikinyesha unakuwa kama chai ya maziwa iliyowekwa maziwa kidogo, na kila mtu anajua sababu, si ndiyo? Mau. Msitu wa Mau umekatwa, udongo unamomonyoka, unashuka na mito ya Nyangores na Amala, unatufikia. Na kweli Mau imekatwa, kikosi kazi cha serikali ya Kenya mwaka 2009 kilisema karibu robo ya msitu ule imeondoka ndani ya muda mfupi tu. Kwa hiyo dawa ni miti, kila Septemba 15 Siku ya Mara inaadhimishwa, tangu 2012, na kwenye sherehe za namna hiyo mche haukosekani.

Halafu wakaja watu wakapima. Wakaweka vifaa sehemu mbili za mto, kimoja kabla haujaingia tambarare kavu na kingine baada ya hapo, wakafuatilia kina cha maji na wingi wa tope mvua baada ya mvua. Matokeo yakawa kwamba karibu theluthi mbili ya tope haitoki huko juu Mau, inatoka Mara ya kati na bonde la mto Talek huko huko Kenya, sehemu tambarare, kavu, yenye ng'ombe wengi na wanyamapori wengi, ambako nyasi zimeliwa mpaka mzizi, mifereji ya mmomonyoko imechimbika na mvua ikija inazoa ardhi tupu. Tulivyozoea kuambiwa, mlima ndo unamomonyoka na tambarare inapokea. Hapa ni tofauti.

Unaelewa maana yake kwenye mfuko? Maana yake unaweza ukapanda miti milioni Mau, yote ikashika, ukamaliza bajeti, na mto ukabaki na rangi ile ile. Simaanishi Mau iachwe, hapana, Mau ina kazi yake na ni kazi kubwa, ule msitu ndo unaoufanya mto usikauke kiangazi, na mto ukipungua kiangazi hata lile tatizo la oksijeni linakuwa baya zaidi kwa sababu uchafu ni ule ule na maji ni machache. Lakini kama shabaha yako ni tope, dawa iko Talek, na Talek dawa sio mche. Ni malisho. Ni kukaa na wafugaji mkubaliane zizi lihame lini, ng'ombe wanyweshwe wapi, ukanda gani upumzishwe msimu gani, na hayo ni maongezi magumu marefu yasiyo na picha nzuri, hakuna mgeni rasmi wa kukata utepe kwenye nyasi zinazopumzika.

Nimewahi kwenda kwenye moja ya hizo sherehe za miti (sitaitaja ilikuwa ya nani). Tulifika saa nne, hotuba mpaka saa saba, miche ikapandwa ndani ya nusu saa kwenye kingo ya kijito, fulana tulipewa nzuri tu mpaka leo naivaa. Nilirudi pale baada ya miezi kama mitano nikakuta mbuzi wamebaki, miche haipo. Hakuna aliyewahi kuuliza kama kile kijito kina shida ya kivuli, au shida ya kingo kubomoka, au labda hakina shida yoyote na hela ile ilitakiwa iende kijito cha pili.

Kwenye mambo ya makazi ya samaki kuna swali moja wataalamu wazuri huanza nalo, na ni swali la kawaida kabisa, huyu samaki anakwama wapi kwenye maisha yake? Mchukue ningu. Ningu anaishi ziwani lakini mvua zikianza anapanda mto kwenda kutaga, anatafuta maji yaliyofurika pembeni kwenye majani, vifaranga vinakulia huko halafu vinarudi ziwani. Zamani alikuwa samaki wa maana sana kanda ya ziwa, wazee wakimtaja ningu mate yanawatoka. Alianguka kabla hata sangara hajatawala, na watafiti wa miaka ya 1960 walishasema kwa nini, wavuvi walikuwa wanatandaza nyavu za nailoni kwenye midomo ya mito wakati ule ule ningu anapanda na mayai tumboni. Yaani anakamatwa mlangoni anaingia leba.

Sasa pima mwenyewe. Kama ningu wa mto fulani anakwama kwenye nyavu mlangoni, ukisafisha mto mzima juu ukawa kioo haumsaidii, hafiki huko. Kama mlango uko wazi ila tope linafunika mayai, kukamata wavuvi ni kuwaonea tu. Na kama njia iko wazi, mayai yanaanguliwa, lakini yale mabwawa ya pembeni yanayofurika yamefyekwa yakawa mashamba, basi shida ni ya tatu kabisa na dawa yake ni nyingine. Mito mitatu jirani inaweza kuwa na majibu matatu. Ukija na mradi mmoja wenye kifurushi kimoja unakuwa kama daktari anayempa kila anayeingia dawa ya minyoo, wapo watakaopona.

Na kukisia vibaya kuna watu wanaolipia. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka ndani ya hifadhi ya Ruaha mwaka 1993. Ikaaminika ni wafugaji wa Usangu na kinamasi cha Ihefu, na mwaka 2006 kuingia 2007 mifugo ikaondolewa kwa nguvu, familia zikahama na mali zikipotea njiani. Mto ukaendelea kukauka. Wakati huo huo watafiti waliokuwa wanapima maji kule Usangu walikuwa wanaonyesha kitu kingine, kwamba shida kubwa ya kiangazi ni maji yanayochukuliwa kwenye mabanio ya umwagiliaji huko juu, yale malango ya kuchepushia maji ya mto, mengi yanaingizwa mashambani mpunga ukiwa umeshavunwa. Ng'ombe anaonekana, anakanyaga, ananya, ni mshtakiwa rahisi. Banio limetulia tu pale linafanya kazi yake.

Ndo maana hata Kirumi watu walivyosikia neno ng'ombe walishtuka. Wameshalisikia kabla.

Kuna mto mmoja Marekani huwa naupenda kwa mfano, unaitwa Elwha, uko jimbo la Washington. Ulizibwa na mabwawa mawili ya umeme, la kwanza lilimalizika 1913 na la pili 1927, hakuna hata moja lililowekewa njia ya samaki, kwa hiyo samoni wakawa wanaishia kama kilomita 8 tu kutoka baharini na wenyeji wa Lower Elwha Klallam wakapoteza chakula chao. Sheria ya kuurudisha mto ilipita 1992, kazi ya kubomoa ikaanza 2011. Miaka karibu ishirini! Siasa na hela ilikuwa humo ndani ya huo ucheleweshaji, hilo tusilipambe, lakini muda ule ulitumika pia kuhesabu samaki, kupima tope lililolala nyuma ya kuta, ambalo lilikuwa kama mita za ujazo milioni 20, na kujaribu litatokaje bila kuua kila kitu chini. Matokeo ya vipimo yakabadilisha kazi yenyewe: hawakulipua ukuta mara moja, walishusha kidogo kidogo, na kuna vipindi vya mwaka mashine zilisimamishwa kabisa ili samaki wapite. Ukuta wa mwisho ukaisha 2014. Na kwa sababu walihesabu kabla, leo wanajua nani amerudi na nani bado, hakuna mtu anayebishana kwa kumbukumbu.

Najua jibu linalokuja, kwamba wale wana hela. Sawa. Lakini angalia vizuri, sehemu kubwa ya kinachohitajika sio hela ya aina hiyo. Tanzania tunao mfumo wetu wa kusoma afya ya mto kwa kutumia wadudu wadogo wanaoishi chini ya mawe, unaitwa TARISS, umetengenezwa kwa mito yetu, unachohitaji ni wavu, sinia jeupe na mtu aliyefundishwa. Uzuri wa mdudu ni kwamba chupa ya maji inakuambia habari za dakika ile tu, mdudu amekaa pale wiki na miezi, kama sumu ilipita usiku wa Jumanne yeye alikuwepo. Ukikuta wale wadudu dhaifu wanaotaka maji safi wamepotea na wamebaki wavumilivu tu, unajua kuna kitu kimepita hata kama maji ya leo ni masafi. Shule ya sekondari ya pembeni ya mto inaweza kufanya hii kazi kila mwezi na bayolojia wakaielewa vizuri kuliko kwa kukariri.

Tope nalo linatunza kumbukumbu. Wachunguzi walishazamisha mirija kwenye kinamasi cha Mara wakatoa udongo wa tabaka kwa tabaka, historia ya kama miaka 2,000, na ukiisoma unaona tope likijaa taratibu karne na karne halafu kuanzia miaka ya 1960 kasi inapaa. Hiyo ndo historia nyuma ya namba niliyokuwa naisema. Ipo, imeshachimbwa, iko kwenye majarida ya Kiingereza ambayo mwenyekiti wa kijiji cha Rorya hatakaa ayaone.

Na hapa nina ugomvi na wanasayansi wenyewe, maana sio wanasiasa tu. Mtu anakuja anakaa kijijini miaka mitatu anapima, anaulizwa na wazee, anapewa ugali na samaki, akimaliza anaondoka na data yake, anachapisha, anapandishwa cheo, na kijiji kinabaki na kumbukumbu ya Land Cruiser. Siku mto unageuka mweusi hakuna karatasi hata moja ofisini kwa mtendaji inayosema oksijeni ya kawaida ya hapa mwezi wa tatu ni hii. Kamati inaanza sifuri. Sasa hapo hata ikisema kweli, ile kweli haina pa kuegemea.

Pia kuna wenzetu wanaotumia upimaji kama kichaka cha kujificha. Kila ukiuliza mbona hamfanyi kitu unaambiwa tunasubiri utafiti, utafiti ukiisha unaambiwa unahitajika utafiti zaidi. Vipo vitu havisubiri. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeshasema mita 60 kutoka kingo za mto pasifanyike shughuli za kudumu, hilo halihitaji kifaa cha oksijeni, linahitaji mtu wa kulisimamia bila kubagua nani analima pale. Upimaji mi ninaoutaka ni ule unaoendelea huku kazi inafanyika, unapumzisha malisho hapa, jirani unaacha ilivyo, unapima tope kwenye vijito vyote viwili, baada ya mvua mbili tatu unajua kama umepoteza muda au la, na unabadilisha.

Tena mto wenyewe una nchi mbili, Kenya wanashika sehemu ya juu na sehemu kubwa ya bonde, sisi tunapokea kinachoshuka, kwa hiyo namba zikiwa zimefungiwa Narok hazitusaidii Musoma na za Musoma haziwasaidii wao kujua wametuletea nini. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kwetu, wenzao upande wa pili, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko pale Kisumu, ofisi zipo. Kinachokosekana ni kitu kidogo mno ukilinganisha na idadi ya warsha zilizofanyika: vifaa vitatu vinne vya oksijeni na tope vinavyoandika vyenyewe kila nusu saa, mpakani, kabla ya kinamasi, baada ya kinamasi, chini ya mgodi kule Tigithe kingine cha kupima asidi, na namba zake zinatoka kwenye simu ya mtu yeyote kama tunavyoangalia mechi. BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, iwe na funguo ya kasha. Mgodi nao utanufaika, maana kama hauhusiki namba zitausemea bila waziri kusimama mbele ya kamera, na kama unahusika tutajua asubuhi ile ile.

Mvua za masika zinarudi kila mwaka, baada ya kiangazi kirefu ule mkupuo wa kwanza unateremka vile vile na kila kilichorundikana. Darajani Kirumi kuna nguzo, imesimama katikati ya maji mwaka mzima, na hapo ndo pa kufunga kifaa.